Funzo la Falaki: Zuhura na Nuru Tusiyoiona



Kijana mmoja katika darasa letu aliuliza suali ambalo twaona yatupasa kulijibu kwa kirefu, kwani faida yake ni ya wote. Alisema: "Ikiwa watu wameitazama sayari ya Zuhura kwa darubini muda wa miaka 300 na zaidi, wasione juu yake ila weupe mtupu, basi hao wasemao leo kwamba huko kuna pepo kali, mawingu ya asidi na gesi ya kibiriti, wameyajuaje? Je, wameyaona, au wamekisia tu?"

Suali hili ni zuri, na aliyeuliza hakukosa adabu kwa kuuliza. Mwenye kukubali kila neno la mtaalamu bila ya kutaka dalili hana tofauti kubwa na mwenye kukataa kila asilolijua. Wote wawili wameikimbia taabu ya kufikiri. Jawabu yetu kwa ufupi ni hii: hawakuyaona kwa macho, wala hawakukisia. Wamemleta shahidi mwingine, awezaye kuipokea nuru ambayo jicho la mwanadamu haliipokei. Katika funzo hili tutaeleza ni nuru gani hiyo, shahidi huyo ni chombo gani, ameshuhudia nini, na ushuhuda wake wafika mpaka wapi.

Nuru si rangi za upinde wa mvua peke yake

Kila mtu ameuona upinde wa mvua. Nuru ya jua, ambayo twaiona nyeupe, imekusanya rangi nyingi, nyekundu ikiwa upande mmoja na urujuani upande wa pili. Wataalamu huzipima rangi hizi kwa urefu wa mawimbi yake, na kipimo chao ni nanomita, yaani sehemu 1 katika sehemu 1,000,000 za milimita. Mwisho wa nyekundu ni kama nanomita 700, na mwisho wa urujuani ni kama nanomita 400. Hapo ndipo jicho linaposimama. Lakini nuru yenyewe haisimami hapo.

Katika mwaka 1801, Johann Wilhelm Ritter wa mji wa Jena, Ujerumani, alizitawanya rangi za jua kwa kioo cha pembe tatu, akaziangusha juu ya karatasi iliyopakwa kloridi ya fedha, dawa ambayo hugeuka nyeusi inapopigwa na nuru. Akaona kwamba dawa ile yageuka nyeusi hata mahali palipoupita mwisho wa urujuani, ambapo jicho halikuona rangi yo yote. Miali hiyo ndiyo iitwayo leo miali ya urujuanimno. Wala msomaji asidhani kuwa ni jambo lililo mbali naye. Nyuki huiona, na katika maua mengi mna alama ambazo yeye huzifuata na sisi hatuzioni. Ngozi zetu nazo zaijua, kwani ndiyo inayoziunguza wakati wa jua kali.

Basi huu ndio msingi wetu wa kwanza: kutokuonekana kwa kitu si dalili ya kutokuwapo kwake.

Kwa nini chombo kipelekwe juu

Hewa ya dunia yetu ina gesi iitwayo ozoni, na iliyo nyingi yake iko juu sana, kati ya kilomita 15 na 35 hivi. Gesi hii ni kidogo, lakini kazi yake ni kubwa, kwa kuwa huizuia karibu miali yote ya urujuanimno iliyo mifupi kuliko nanomita 300. Lau ngao hii isingalikuwapo, uhai wa nchi kavu ungalikuwa mashakani. Lakini kitu kilicho ngao kwa viumbe ni pazia kwa mwanafalaki, kwani miali hiyo inayotoka kwenye sayari nyingine huzuiliwa papo hapo pamoja na miali ya jua letu.

Kwa sababu hiyo kazi imegawanyika mafungu mawili. Miali iliyo kati ya nanomita 300 na 400 yaweza kupigwa picha na mtu aliyesimama ardhini. Ama ile iliyo mifupi zaidi, hapana njia ya kuipata ila kukipandisha chombo juu ya hewa yetu.

Fungu la kwanza lilianza mapema. Katika mwaka 1927, Frank Ross alipiga picha za Zuhura katika miali ya urujuanimno kwenye mlima wa Mount Wilson, California. Sayari ile ile ambayo machoni ilikuwa nyeupe tupu ilitokea katika picha zake ikiwa na mabaka meusi. Walakini mabaka yale yalibadilika siku hata siku, na hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa yakini yanakwenda wapi.

Hakimu wa Brazzaville

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye kazi yake haikuwa falaki hata kidogo. Charles Boyer alikuwa hakimu, Mfaransa aliyefanya kazi Brazzaville, kwenye ukingo wa mto Congo, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya utawala wa Ufaransa. Katika mwaka 1957, kwa darubini yake ndogo na kichujio cha kupitisha nuru ya upande wa urujuani, alizipiga picha za Zuhura siku baada ya siku. Alipozipanga picha zake aliona kwamba baka jeusi hurudi mahali pake kila baada ya siku 4. Akashirikiana na Henri Camichel wa kituo cha falaki cha Pic du Midi, kilichoko katika milima ya kusini ya Ufaransa, na wakatangaza kwamba mawingu ya juu ya Zuhura huizunguka sayari nzima kwa siku 4, kutoka mashariki kwenda magharibi.

Wataalamu wengi hawakusadiki, na haifai tuwacheke, kwani walikuwa na sababu. Katika miaka ya 1960 mawimbi ya rada yaliyotumwa kutoka duniani yalipenya mawingu ya Zuhura, yakagonga ardhi yake na kurudi, na kwa hayo ikajulikana kwamba mwili wa sayari hiyo hujizungusha mara moja tu katika siku 243. Na tuifanye hesabu wenyewe. Mzingo wa Zuhura kwenye ikweta yake ni kama kilomita 38,000. Tukiugawanya kwa saa za siku 243, twapata kuwa ardhi yake yaenda mwendo wa kilomita 6 na nusu kwa saa, nao ni mwendo wa mtu aendaye kwa miguu kwa haraka. Tukiugawanya kwa saa 96, ambazo ndizo siku 4, twapata kilomita 400 hivi kwa saa. Yawezekanaje ardhi itembee kama mpita njia, na mawingu yaliyo juu yake yakimbie kuliko tufani? Ni nani anayeyasukuma?

Basi hali ilikuwa hii: hakimu alikuwa na shahidi mmoja, na wataalamu walikuwa na shaka yenye maana. Katika baraza lo lote la haki, jambo kama hilo halikatwi kwa cheo cha msemaji wala kwa udogo wa darubini yake. Hutafutwa shahidi wa pili.

Shahidi wa mwaka 1974

Shahidi huyo alitoka Marekani. Chombo kiitwacho Mariner 10 kilirushwa tarehe 3 Novemba 1973, na tarehe 5 Februari 1974 kikapita karibu na Zuhura, kwa umbali wa kilomita 5,800 hivi, kikielekea sayari ya Utaridi. Kamera zake zilikuwa na vichujio vya namna mbalimbali. Picha zilizopigwa kwa nuru ya kawaida hazikuonyesha ila mpira wenye weupe wa maziwa. Zilizopigwa kwa urujuanimno zilionyesha mikanda, mikunjo na mistari mikubwa ya mawingu iliyopinda kuelekea kwenye ncha za sayari. Picha zilikuwa maelfu, na zilipofuatanishwa kwa taratibu ya saa zake, mwendo ulionekana waziwazi: mawingu ya juu ya Zuhura huizunguka kwa muda wa siku 4 hivi, kama alivyosema hakimu wa Brazzaville miaka 17 kabla.

Msomaji atauliza: kwa nini urujuanimno uonyeshe kile ambacho nuru nyeupe haikionyeshi? Ni kwa sababu katika mawingu yale, ambayo ni matone ya asidi ya salfa, mna kitu kinachoimeza miali ya urujuanimno lakini hakizimezi sana rangi nyingine. Panapokuwa kingi, picha hutoka nyeusi; panapokuwa kidogo, hutoka nyeupe. Mfano wake ni mvuvi aonaye povu na majani yakipita juu ya maji. Mkondo wenyewe haonekani nao, lakini kwa kuyafuata majani ataujua uendako na kasi yake.

Njia tatu za kuihoji nuru

Picha ni ushuhuda mmoja, lakini vyombo hivi hufanya zaidi ya kupiga picha. Kuna chombo kiitwacho spektrometa, ambacho huipasua nuru ikawa mawimbi mbalimbali na kulipima kila wimbi peke yake. Kila gesi ina mawimbi yake inayoyameza au kuyatoa, na mawimbi hayo ni kama alama ya kidole cha mtu. Wataalamu huitumia spektrometa kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuichunguza nuru ya jua iliyorudishwa na mawingu, wakatazama mawimbi gani yamepungua. Pakipungua yale yanayomezwa na gesi ya dioksidi ya salfa, ambayo ni gesi kali ya kibiriti kilichoungua, wajua kwamba gesi hiyo ipo, na kwa kadiri ya upungufu wajua wingi wake.

Njia ya pili ni kuupima mng'ao wa gesi zenyewe. Haidrojeni ikipigwa na jua hung'aa katika wimbi la nanomita 121.6, ambalo hapana jicho liwezalo kuliona, wala hewa yetu hailipitishi. Tarehe 19 Oktoba 1967 chombo Mariner 5 kilipoipita Zuhura, kipimo chake cha urujuanimno kilikuta wingu la haidrojeni limeizunguka sayari hiyo, nje kabisa ya mawingu yake.

Njia ya tatu ni kuingoja nyota itue nyuma ya sayari. Nuru ya nyota hupita katika hewa ya sayari kabla ya kufichika, na kila ishukapo hupungua katika mawimbi maalumu. Kwa njia hii chombo Venus Express cha nchi za Ulaya kiligundua, na habari ikatangazwa katika mwaka 2011, kwamba Zuhura nayo ina ozoni, kwenye kimo cha kilomita 100 hivi, lakini ni hafifu kuliko yetu kwa mara 100 mpaka 1,000. Kabla ya hapo walikuwako waliotumaini kwamba ozoni ikionekana katika sayari ya mbali itakuwa ishara ya uhai. Zuhura, ambayo ardhi yake ina joto la nyuzi 460 za Selsiasi na kani ya hewa inayozidi ya kwetu mara 90, imewafundisha kwamba ozoni peke yake haitoshi kuwa ishara.

Gesi ya kibiriti na hukumu ya haraka

Sasa twafika mahali ambapo funzo letu lina uzito mkubwa zaidi. Katika Disemba 1978 chombo cha Marekani kiitwacho Pioneer Venus kiliingia katika njia ya kuizunguka Zuhura, kikakaa huko mpaka mwaka 1992. Spektrometa yake ya urujuanimno, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Colorado, iliipima dioksidi ya salfa iliyoko juu ya mawingu mwaka baada ya mwaka, na ikaonekana kwamba yapungua sana. Katika mwaka 1984 Larry Esposito alitoa rai kwamba huenda palitokea mlipuko mkubwa wa volkano kabla ya chombo kufika, ukaitupa gesi juu, na chombo kikawa chaitazama ikiisha pole pole.

Ilikuwa rai yenye kupendeza, na wengi waliipenda. Venus Express ilipofika katika Aprili 2006 ilikuta mfano wa jambo lile lile: gesi iliongezeka kidogo katika mwaka huo na uliofuata, kisha katika miaka 5 ikapungua mara 10 hivi. Je, tuseme imethibiti kuwa ni volkano? La. Chini ya mawingu dioksidi ya salfa ni nyingi mno kuliko juu, na upepo ukibadilika waweza kuipandisha bila ya mlipuko wo wote.

Katika mwaka 2023 ulikuja ushahidi wa namna nyingine. Robert Herrick na Scott Hensley walizirudia picha za rada zilizopigwa na chombo Magellan katika mwaka 1991, wakaona kwamba tundu moja la volkano karibu na mlima Maat Mons lilipanuka na kubadilika umbo katika muda wa miezi 8. Kwa hiyo yafaa kusema kwamba volkano za Zuhura hazijafa. Lakini je, yafaa kusema kwamba ile gesi iliyoonekana na Pioneer Venus ilitoka katika volkano? Bado. Shahidi wa rada aliona tundu, hakuona gesi. Shahidi wa urujuanimno aliona gesi, hakuona ilikotoka. Kila shahidi husema aliloliona, na mwenye kuunganisha maneno yao kwa matamanio yake amemsemea shahidi kile asichokisema.

Nani ausukumaye upepo?

Lile suali la wataalamu wa miaka ya 1960 nalo halikusahauliwa. Wajapani walirusha chombo Akatsuki katika Mei 2010. Mashine yake kubwa iliharibika kilipofika katika Disemba mwaka huo, kikaipita Zuhura na kulizunguka jua muda wa miaka 5. Kisha tarehe 7 Disemba 2015 waendeshaji wake wakakiingiza katika njia yake kwa kutumia vijimota vidogo vilivyokuwa vya kukigeuzia tu. Kamera yake ya urujuanimno ilipiga picha katika mawimbi mawili, nanomita 283 na 365, mpaka mawasiliano yalipokatika mwaka 2024.

Kwa kuufuata mwendo wa mawingu katika picha hizo, Takeshi Horinouchi na wenzake walitangaza katika mwaka 2020 kwamba kinachouendeleza upepo ule karibu na ikweta ni jua lenyewe. Upande wa mchana hupata joto na upande wa usiku hupoa, na tofauti hiyo huzalisha mawimbi makubwa katika hewa, nayo huusukuma upepo usipungue. Basi waliouliza "ni nani anayeyasukuma?" hawakupoteza wakati wao. Suali lao lilikuwa la haki, na kosa lingalikuwa kulifanya suali kuwa hukumu.

Na lingali liko suali lisilojibiwa mpaka leo. Kile kitu kinachoimeza miali ya urujuanimno katika mawingu, ambacho kwacho tuliujua upepo, hakijatambuliwa ni kitu gani. Chasadikiwa kuwa humeza karibu nusu ya nguvu zote za jua ambazo Zuhura huzipokea na kutozirudisha. Wako wasemao kuwa ni mchanganyiko wa salfa, na wako wasemao kuwa ni kloridi ya chuma. Zaidi ya miaka 90 imepita tangu picha za Ross, na jina lake bado hatunalo.

Na sisi yatuhusu nini?

Huenda mtu akasema kwamba habari za Zuhura hazituongezei mkate. Tumjibu kwamba elimu ile ile ndiyo inayoilinda ngao yetu. Katika mwaka 1985 wataalamu wa Uingereza waliokuwa wakipima kutoka ardhini katika bara la Antaktika walitangaza kwamba ozoni ya huko yapungua sana kila majira ya kuchipua. Chombo Nimbus 7, kilichokuwa kikiipima nuru ya urujuanimno inayorudi kutoka duniani, kikawa shahidi wa pili, kikaonyesha ukubwa wa upungufu huo. Katika mwaka 1987 mataifa yakafanya mapatano ya Montreal ya kuzizuia gesi zilizokuwa zikiiharibu ozoni, nazo ni gesi zilizokuwa zikitumika katika majokofu na mikebe ya kupulizia dawa. Lau watu wangalisema, "Hatukuona kitu kwa macho, basi hapana kitu," gharama ingalilipwa na watoto wao.

Muhtasari

Tumejifunza mambo matatu. La kwanza, kwamba nuru yapita mpaka wa jicho, na aliye na chombo kifaacho huyajua yale yasiyoonekana. La pili, kwamba jambo geni halikataliwi kwa ugeni wake wala halikubaliwi kwa uzuri wake. Hungojwa shahidi wa pili. La tatu, kwamba shahidi akisha kusema, asiongezewe neno. Hakimu wa Brazzaville alizipanga picha zake, akasema alichokiona, akangoja. Na tuifuate njia hiyo katika kila habari ituingiayo masikioni, ya mbinguni au ya sokoni.

Maswali ya kujadiliana katika darasa

1. Kwa nini wimbi la nanomita 121.6 haliwezi kupimwa na mtu aliyesimama duniani?
2. Eleza njia tatu za kuitumia spektrometa, na utoe mfano mmoja wa kila njia.
3. Ni dalili gani ingehitajika ili ithibiti kwamba gesi iliyoonekana na Pioneer Venus ilitoka katika volkano?
4. Taja habari moja uliyoikubali au kuikataa mwaka huu kabla ya kumsikiliza shahidi wa pili.